Asubuhi Ambayo Mzee Lohay Hakuitikia

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa kituo cha afya mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, inagonga vizuri, na mpaka leo sijui inanihimiza niwahi wapi. Mlinipa na kazi pia: niandike niliyoyaona kazini ili msije mkayarudia. Basi naandika, ingawa nina hakika mtayarudia yote. Habari za vyeo naziruka, maana havikuwa vingi, na za mshahara mnazijua kwa sababu na ninyi mnaupokea. Nitaandika habari za presha. Hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko minyoo, kuhara na wageni wa ukaguzi.

Nilianzia Masieda, kule Mbulu, nikiwa muuguzi mbichi kutoka chuoni. Watu waliniita Sista kabla sijatua begi, na wameniita hivyo mpaka nimestaafu, ingawa nina mume na watoto watano na utawani sijawahi kulala hata siku moja. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mama Theodora, muuguzi mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Sijawahi kumwona akikimbia, hata siku ile mama mmoja alipojifungulia mlangoni.

Mashine yetu ya presha ilikuwa ile ya zebaki, ndani ya sanduku la chuma. Ukifungua kifuniko, bomba la kioo linasimama, na zebaki inapanda na kushuka humo. Mpira wa kupulizia ulikuwa umepasuka, Mama Theodora akauziba kwa kiraka cha baiskeli. Ninyi wa mashine za betri hamjui raha ya kuusikiliza mshipa wa mtu kwa masikio yenu wenyewe. Taabu yake hamuijui pia: punda akilia nje, unaanza upya.

Siku yangu ya kwanza alikuja mama mmoja aliyekuwa amepanda mlima na mtoto mgongoni na debe la mahindi kichwani. Nikamfunga mkanda palepale mlangoni, nikapuliza, zebaki ikapanda na haikutaka kushuka. Nikamkimbilia Mama Theodora.

"Mama, huyu anapasuka."

Akamtazama yule mama, akanitazama mimi. "Umemsalimia?"

Sikuwa nimemsalimia.

"Umemkalisha? Mtoto umemshusha?"

Nikampokea mtoto. Akamkalisha yule mama kwenye benchi la nje, mgongo ukutani, miguu chini, mkono juu ya meza ndogo, akamwambia asiongee na mtu, apumue tu. Kisha akaenda kuchemsha sindano kama vile hakuna anayepasuka. Alipokuja kupima, presha ilikuwa ya msichana.

"Wewe ulipima mlima," akaniambia. "Sasa pima mtu."

Toka siku hiyo sijampima mgonjwa bila kumkalisha kwanza. Nyie mnaofunga mkanda huku mtu bado anatafuta pa kuweka mfuko wake, najua mko wapi na majina yenu ninayo.

Baadaye nikahamishiwa Nangwa, upande wa Hanang. Miaka ile biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na Katesh ilikuwa imejaa maduka. Mafuta ya kupikia yakaja kwa madebe, sukari ikawa haitafutwi tena kwa foleni, na yakaja maduka ya dawa ambako kijana mwenye koti jeupe alikuuzia vidonge vya presha kwa kukutazama uso. Kabla ya hapo watu walikosa chumvi ya dukani, wakatumia magadi ya ziwa Balangida. Maduka yalipokuja wakatumia vyote viwili. Makande yasiyokuwa na magadi ya kutosha yalihesabiwa dharau kwa mgeni, na mimi, mgeni wao, nilikula nyumba hadi nyumba huku nikihubiri chumvi ipunguzwe.

Kisha mkoa wa Arusha ukagawanywa, tukaamka tuko Manyara. Presha za watu hazikujua kwamba zimehama mkoa. Lakini mkoa mpya ulikuja na semina, na moja ilifanyika Katesh, nikapangwa kwenda.

Mwezeshaji alikuwa binti wa mjini, mpole, aliyetupa shikamoo mmoja mmoja, nami nikampenda kwa hilo kabla hajafungua mdomo kuhusu somo. Alieleza kwamba mtu mwenye presha akijizoeza kila siku kukaa kimya na kuifuata pumzi yake, inavyoingia na inavyotoka, bila kugombana na mawazo yanayokuja, moyo unapunguza mbio, mishipa inalegea, na presha inaweza kushuka kiasi, mradi aendelee na vidonge vyake na apunguze chumvi. Hilo neno "kiasi" nililipenda. Wanaouza vitu huwa hawalitaji. Jina la jambo lenyewe lilikuwa la Kizungu, na kila mmoja wetu alilitamka kivyake, kwa hiyo tukaliita kutulia.

"Fumbeni macho," akasema. "Sauti zikija, ziacheni zipite. Msizifuate, msizijibu."

Sauti zilikuja. Zilikuwa za vikombe na sufuria, maana chai ilikuwa imechelewa, na nusu ya ukumbi ilizifuata kwa moyo wote. Halafu tukaambiwa tupimane presha wawili wawili. Ya kwangu ndiyo iliyoshinda ukumbi mzima. Mwenzangu aliyenipima akarudia mkono wa pili, kwa heshima, akakuta ni ileile. Miaka yote nilikuwa nawagombeza watu wenye presha, na kumbe nilikuwa nawagombeza wenzangu. Wiki ileile nikaanza vidonge, na kutulia nikaanza pia, kwa hasira.

Sasa niwaeleze habari ya Mzee Lohay, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mzee Lohay alikuwa mzee wa kanisa pale kijijini Nangwa, mrefu, mkulima wa mahindi na maharage, mwenye ng'ombe wachache aliowajua kuliko alivyowajua wajukuu. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka mkononi na mdomo ukaenda upande. Kabla ya saa sita ukarudi. Yeye akasema ni upepo. Mke wake, Mama Paskalina, hakukubali habari za upepo, akamleta kituoni akimtanguliza mbele yake kama anayepeleka ndama josho.

Nilimkalisha, nikamwacha apumzike, nikapima. Ilikuwa mbaya. Nikamwambia wazi kwamba kile kikombe kilikuwa onyo la kiharusi, na kwamba mara nyingine mdomo huenda usirudi kabla ya saa sita wala baada yake.

"Shida yangu ni moja, Sista," akasema. "Binti yangu Paskalina anaolewa na kijana wa Mzee Bura. Kwetu, siku binti anapotoka, baba anasimama mlangoni pa nyumba yake, anamwaga maziwa kidogo chini, anambariki kwa maneno yake mwenyewe. Nataka siku hiyo nisimame kwa miguu yangu na niongee kwa mdomo wangu. Baada ya hapo presha ifanye inavyotaka."

"Haitafanya inavyotaka," nikasema. "Utafanya ninavyotaka mimi."

Nikampa vidonge, nikamkataza magadi, nikamwambia atembee, na nikamfundisha kutulia kama nilivyofundishwa: kila asubuhi baada ya kukamua, akae mahali penye jua, afumbe macho, afuate pumzi. Sauti zikija, aziache zipite. Akaitikia kwa kichwa. Huyu alikuwa mtu ambaye ukimwambia meza kidonge baada ya chakula, atakaa na kidonge mkononi mpaka chakula kiive.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kila alipokuja nilikuta imeshuka kidogo, nami nikaanza kujisikia. Kisha siku moja ikaruka juu kuliko siku ya kikombe. Nikamuuliza kama ameacha vidonge. Hapana. Magadi? Hapana. Mzee mwenyewe alikuwa amekaza taya. Mke wake ndiye aliyesema.

"Bura amevunja. Ametuma mtu kusema hataki tena undugu na sisi."

Mzee Bura alikuwa jirani yao wa upande wa juu, na kila asubuhi alipitisha ng'ombe zake kando ya ua wa Lohay akienda majini. Nikauliza wamegombania nini. Mama Paskalina akasema hawajui. Bura haelezi, na mume wake naye hataki kwenda kuuliza, anasema kama Bura hamjui kwa miaka yote hii, basi asimjue.

Jibu lilikuja kituoni kwa miguu yake. Bura mwenyewe alikuja analalamika kichwa kinamgonga kisogoni na usingizi hapati. Nikamkalisha kwenye benchi. Nilipompima nikakuta na yeye presha iko juu, ambayo hakuwahi kuambiwa anayo.

"Mzee, una jambo moyoni?"

"Nina jambo gani? Mimi ni mdogo wa Lohay kwa miaka miwili tu, bado nimempa shikamoo. Yuko palepale uani kwake, amekaa, mkono tumboni, amefumba macho. Hakuitikia. Nikasema labda hajasikia. Kesho yake nikatoa tena, kwa sauti. Kimya. Ng'ombe wangu walisikia, yeye hakusikia." Akashusha mkono wa shati. "Mtu akikunyima marahaba mbele ya ng'ombe zako, anakwambia nini? Anakwambia binti yake hamtoi kwako. Nimemrahisishia."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke, na niingie na sanduku langu la presha. Kwa ninyi mliotoka mbali, eleweni: kule salamu haiachwi. Watu wameshitakiana kwa mipaka ya mashamba huku asubuhi wanaamkiana vizuri. Kumnyima mtu jibu ni tangazo, na Mzee Lohay alikuwa amelitangaza mara mbili akiwa kwenye matibabu yangu.

Nikamweleza Bura. Hakuniamini. "Dawa gani hiyo inayokataza marahaba?" akauliza, akachukua vidonge vyake, akaenda. Jambo lilikuwa limeshafika kwa wazee, na wazee wakaniita.

Kikao kilifanyika nyuma ya zizi la Lohay, asubuhi. Kwa kawaida mwanamke haitwi pale, lakini mimi niliitwa kama shahidi, nikapewa kigoda pembeni, karibu na mbolea. Lohay alikaa upande mmoja, Bura upande mwingine, wote wawili wagonjwa wangu, na kwa macho tu niliona zebaki ikipanda kwa wote wawili. Mzee mkubwa wa kikao, aliyejifunga blanketi mpaka shingoni, akamuuliza Lohay kama alisikia salamu ya Bura.

"Niliisikia."

Watu wakaguna.

"Na hukuitikia?"

"Sista alisema sauti zikija niziache zipite. Sauti ilikuja. Nikaiacha ipite."

"Ulijua ni sauti ya Bura?"

"Nilijua. Ndiyo maana ilikuwa ngumu."

Wakanigeukia wote. Nikaeleza moyo, nikaeleza mishipa, nikaeleza pumzi. Nilieleza vizuri, nadhani, maana nilipomaliza mzee wa blanketi akaniuliza kama hiyo dini mpya inaruhusu ng'ombe. Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikawaomba wafanye wenyewe, kidogo tu. Wakatazamana. Mzee wa blanketi akavua kofia, kwa sababu pale macho yakifumbwa kofia inatoka, na wengine wakavua. Hata Bura alivua.

Nikawaongoza taratibu. Mgongo wima, mikono magotini, ifuateni pumzi inaingia, inatoka. Mwanzoni walikohoa. Kisha kikao kizima kikanyamaza kweli, nikasikia ng'ombe wanavyocheua. Nilimtazama Lohay, taya lake limeachia. Nikamtazama Bura, mabega yameshuka.

Hapo ndipo Mama Paskalina akaingia na kibuyu cha maziwa. "Shikamooni, wazee."

Kimya.

"Shikamooni."

Hakuna hata mmoja. Wazee wote wa kijiji, kofia mikononi, macho yamefumbwa, hakuna anayetikisika. Mama Paskalina akanitazama, akawatazama, akakiweka kibuyu chini polepole.

"Sista," akasema, "umewafanya nini?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Bura. Alijaribu kujizuia, tumbo likamtikisa, akafungua macho na kuyafuta kwa mgongo wa mkono. "Nimemsikia," akasema. "Naapa nimemsikia. Na mimi nimemwacha apite." Halafu akamtazama Lohay, na Lohay naye alikuwa ameinamisha kichwa, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nilifurahi mpaka nikasahau niko kwenye mbolea.

Wazee wakatoa uamuzi. Mtu akisalimiwa, anaitikia, kisha anarudi kwenye pumzi yake. "Pumzi itamsubiri," akasema mzee wa blanketi, "si iko ndani yake?" Nilipoifikiria baadaye, nikakumbuka kwamba yule binti wa semina alikuwa amesema karibu hivyohivyo: ukijikuta umetoka, rudi bila kujigombeza. Wakati anasema, mimi nilikuwa nasikiliza sufuria.

Ugumu ulibaki kwenye faini. Kwa desturi, aliyekosa huwaandalia wazee pombe ya asali, na kikao kinainywa pamoja mpaka iishe. Nikasimama nikasema wagonjwa wangu wawili hawanywi. Hapo mjadala ukawa mrefu kuliko wa kosa lenyewe. Mmoja alipendekeza wagonjwa wanuse. Mwishowe wakakubali maziwa yaleyale ya Mama Paskalina, wakayanywa kwa nyuso za watu waliofiwa.

Bura ndiye aliyetengeneza benchi. Alipigilia ubao wa mninga juu ya magogo mawili, akaliweka kando ya njia, kwenye kona ya ua wa Lohay. Kila asubuhi aliwaacha ng'ombe kwa mwanawe, wakasalimiana na Lohay kwa kirefu, habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, mpaka zikaisha zote, kisha wakafumba macho. Anayepita anawaamkia, wanamwitikia kwa pamoja, wanarudi kimya. Watu wakaanza kupita pale kwa makusudi. Presha zao zikashuka kiasi. Nasema kiasi, na nasema pia walimeza vidonge kila siku, maana najua kuna atakayesoma hapa na kwenda kumwambia mgonjwa apumue tu. Huyo nitamfuata nyumbani kwake.

Siku ya Paskalina kutoka, nilikwenda na mashine ndani ya mkoba, chini ya khanga, tayari kwa lolote. Mzee Lohay alisimama mlangoni. Alikaa kimya kwanza, nikaona kifua chake kinapanda na kushuka, nikajua yuko wapi. Kisha akamwaga maziwa, akaongea. Alimbariki binti, akambariki mkwe, akambariki Bura na uzao wake, akabariki ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi zao, mpaka mchungaji akatazama saa. Mdomo haukwenda popote. Mimi nililia, na nikasingizia moshi wa jikoni, ingawa jiko lilikuwa upande mwingine wa nyumba.

Aliishi miaka mingine mizuri. Alipokufa, aliuawa na homa ya mapafu, msimu wa baridi. Nilimpima mwenyewe alipokuja na kile kikohozi, na presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilikasirika sana. Nilihangaika na mshipa ule miaka yote hiyo, halafu ikaja homa, ikaingilia mlango mwingine kabisa. Nilimpenda yule mzee, na sikuwahi kumwambia zaidi ya kumkataza magadi.

Baada ya kuniaga, nilikaa nyumbani na ile saa yenu wiki kadhaa, presha ikapanda. Asubuhi moja nikaamua kwenda Nangwa. Nilimwona Mzee Bura kwa mbali, yuko kwenye benchi peke yake, mkono tumboni, macho yamefumbwa, upande wa pili wa ubao uko wazi. Amezeeka sana. Nikakaribia.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia.

Nikasimama. Kifua chake sikukiona kikitembea. Na mimi, muuguzi wa miaka yote ile, sikuweza hata kunyoosha mkono niushike mshipa wake.

"Marahaba, Sista," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nilikuwa namalizia pumzi. Kaa."

Nilitaka kumgombeza kwa kunitisha. Badala yake nikakaa. Ubao upande ule ni laini, Lohay aliusugua kwa miaka yake yote ya mwisho. Mama mmoja alipita na kuni kichwani, akatuamkia, tukamwitikia kwa pamoja, naye akaenda zake.